Kileleshwa: ghorofa 16 kwenye ploti iliyokuwa na nyumba moja. Magari yatalala wapi?

#1 Jirani wa Ukuta
Hamjambo. Naishi Kileleshwa, Nairobi, tangu 1998, katika nyumba ya chini aliyotuachia mama mkwe. Ploti tunayopakana nayo, nusu ekari kasoro kidogo, iliuzwa mwaka jana. Nyumba ikabomolewa kwa siku mbili, mabati yakazungushwa.

Jumamosi nikimwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba niliona kitu cheupe kwenye mparachichi wao. Kumbe ni ubao, umefungwa kwa waya na kugeuziwa ndani, barabarani hauonekani kabisa. Nikapanda juu ya ndoo nikausoma nikiwa nimeshikilia ukuta: ghorofa kumi na sita, nyumba 112, maegesho ya magari 70, mwenye pingamizi aandike ndani ya siku 14. Tarehe iliyo juu yake ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma. Waya bado unang'aa, haujaonja hata mvua moja.

Barabara yetu magari mawili hayapishani mpaka moja lipande nyasi. Mwezi wa nne ambulensi ilikuja kumchukua mzee jirani yetu, ikakwama kwenye kona dakika ishirini na tano kwa sababu magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili. Wanaume wanne walimbeba kwa kiti cha plastiki hadi kwenye kona. Yuko hai, Mungu ni mwema.

Nauliza: haya mambo huamuliwa lini, na nani? Kuna aliyewahi kuyazuia? Na hata tukisema kila nyumba ina gari moja tu, hayo 42 yanayobaki yatalala wapi?

#2 Deno wa South B
Pole kwa mzee. Magari yatalala mbele ya geti lako, sikufichi. Mtaani kwetu majengo sita yalipanda ndani ya miaka mitatu. Sasa kila mtu ana alama yake barabarani: huyu tairi kuukuu lililojazwa zege, yule mawe yaliyopakwa chokaa, mwingine kiti kibovu cha ofisi. Ukisogeza tairi la mtu unagongewa mlango usiku. Watu waliokuwa wakipeana chumvi juu ya ua leo hawasalimiani.

#3 Fundi wa Zege
Nawaheshimu nyote lakini nitasema langu. Ghorofa kama hiyo inalisha watu mia na zaidi kwa miaka miwili. Mimi nimesomesha watoto watatu kwa hizo ghorofa za Kilimani na Kileleshwa. Mkisimamisha moja, wiki hiyo hiyo kuna nyumba hazipikwi, na kina mama wanaotuuzia chapati na maharagwe getini wanarudi na sufuria zimejaa. Kasirikeni, lakini mjue na upande huo.

#4 Ramani Mkononi
Kwa swali la nani na lini. Mwongozo wa kanda za ujenzi wa Nairobi wa mwaka 2004 uliiweka Kileleshwa kwenye kanda ya nne, pamoja na Kilimani, Riverside, Spring Valley na Woodley. Ghorofa zilizoruhusiwa huko ni nne. Nne! Simama pale mzunguko wa Kileleshwa uinue kichwa, uone kama kuna jengo jipya la ghorofa nne. Kwa hiyo uamuzi haukufanywa mwaka huu wala kwenye ploti yako. Ulifanywa kidogo kidogo, faili moja baada ya nyingine, kila moja ikiombewa msamaha wake, mpaka msamaha ukawa ndio sheria.

#5 Baba Tasha
Mama, nenda NEMA, ile mamlaka ya mazingira, moja kwa moja. Hao ndio hutoa kibali cha kujenga. Wakikataa, hakuna tofali.

#6 Wakili wa Mtaa
#5, hapana ndugu yangu, hapo utampoteza. NEMA hutoa leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Ruhusa ya ujenzi wenyewe hutoka kaunti, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Halafu mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ni milango mitatu, na kila mlango una saa yake.

Dada, andika pingamizi LEO, usingoje Jumatatu. Nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakishapitisha, una siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, na ukishindwa hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA inapingwa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Watu wengi hushindwa kabla ya kusikizwa kwa sababu walihesabu siku vibaya au waligonga mlango usio wao.

#7 Otis wa Umoja
Mmeanza vizuri lakini niruhusuni. Mnaongea ghorofa 16 zenye lifti na bustani. Njooni Pipeline au Umoja. Chumba changu dirisha linafungukia ukuta wa jirani, nikinyoosha mkono nagusa plasta yake. Taa huwaka saa sita mchana. Gari la zimamoto halijui hata njia ya kuingilia. Na tarehe 29 Aprili 2016 pale Huruma nyumba ya ghorofa sita ilianguka usiku wa mvua, ikaua zaidi ya watu 40. Huku kwetu hakuna aliyepandishwa kwenye ndoo kusoma ubao, kwa sababu ubao haukuwepo kabisa.

#8 Jirani wa Ukuta
#7, nimekuelewa na siwezi kushindana nawe kwa shida. Lakini nadhani ni mkono ule ule. Anayepitisha bila kuangalia kwako ndiye anayepitisha bila kuangalia kwangu.

#6, asante sana. Naandika sasa hivi.

#9 Soroveya Mstaafu
Nimekaa kwenye ramani za mji huu miaka thelathini na tano, niongeze kidogo. #4 yuko sawa kuhusu 2004, ila asisahau kwamba mwongozo ule ulikuwa kiraka. Nairobi ilipangwa 1948 kama mji wa wakoloni, wazungu huku, Wahindi kule, Waafrika mashariki karibu na karakana za reli. Ukaja mpango wa 1973, ambao ulifika mwisho wake mwaka 2000 bila mwingine kuushika mkono. Miaka kumi na minne mji ukakua bila mpango mkuu. Ule wa 2014, unaofika 2030, ulitengenezwa kwa msaada wa Wajapani wa JICA. Sasa niambieni: jengo linaloombewa ruhusa mwaka 2009 lingepimwa kwa kipi? Kwa hiari ya afisa aliyeketi mezani.

Na bomba la maji taka la Kileleshwa, wadau, liliwekwa kwa hesabu ya familia moja kwa kila ploti. Bomba halijui kusoma vibali. Ukiweka nyumba 112 pale palipokuwa na vyoo viwili, chemba itakupa jibu.

#10 Nyumba ya Nne
Chemba ishatupa jibu hapa Kilimani. Tangu jengo la pili lifunguliwe, kila Jumapili asubuhi, watu wote wakiwa nyumbani wanafua, kifuniko cha chemba mbele ya duka la dawa kinainuka chenyewe. Unaona kinatikisika kwanza, kama kifuniko cha sufuria ya githeri, kisha maji meusi yanatoka upande mmoja yanateremka hadi kwa mama mboga. Yeye ameweka matofali mawili akayapandishia meza yake. Tumepiga simu mpaka sauti ya anayepokea tunaijua.

#11 Hesabu za Babu
Nyote mnazunguka. Neno ni moja: hongo. Andikeni hilo, mfunge uzi.

#12 Mwenye Ploti Moja
#11, ingekuwa rahisi hivyo ingekuwa imeshatibiwa. Mimi nimejenga. Si ghorofa kumi na sita, ni tano, huko Ruaka mpakani, kwa mkopo. Nikueleze mambo yanavyokwenda. Bei ya ardhi Kileleshwa leo haiwezi kulipwa na nyumba nne wala kumi. Anayeuza anajua utajenga juu, kwa hiyo anakuuzia tayari kwa bei ya ghorofa kumi na tano. Ukishanunua kwa bei hiyo, huna budi upande. Kisha benki inataka riba kila mwezi hata kabla hujamwaga msingi, kwa hiyo unauza nyumba zikiwa bado kwenye karatasi. Maegesho yanayochimbwa chini ya ardhi ni ghali kuliko kitu chochote kwenye jengo: unachimba mwamba, unazuia maji, unaweka feni za kutoa moshi. Ndiyo maana gari ndilo la kwanza kukatwa. Sitetei. Naeleza.

#13 Hesabu za Babu
Na hiyo ruhusa ya kupanda juu kuliko mwongozo, ilipatikana vipi? Hapo ndipo neno langu lilipo.

#14 Mwenye Ploti Moja
Yangu ilikuwa ndani ya kiwango. Lakini nakubali kwamba faili langu lilikaa miezi mitano, na la mwenzangu aliyeanza nyuma yangu likatoka kwa wiki tatu. Zaidi ya hapo sina ushahidi, na sitaki kusema nisichokiona.

#15 Mpangaji 14C
Nasoma nikiwa ghorofa ya kumi na nne, Kileleshwa hiyo hiyo, pengine jengo mnalolilia. Nilikuwa naishi Kitengela. Niliamka saa kumi usiku, nikarudi saa tatu usiku, mwanangu nilimjua akiwa amelala. Leo natembea hadi kazini dakika ishirini na tano. Gari sina. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti yenye kilomita za mraba 696. Tulale wapi? Kila mtu hapa anataka mji usimame siku aliyoingia yeye.

#16 Mama Njeri
14C umenigusa, mwanangu. Lakini nikuulize kwa upole: maji mnapata siku ngapi kwa wiki?

#17 Mpangaji 14C
Ya mfereji, siku moja, wakati mwingine mbili. Nyingine ni kisima chetu na malori. Maji ya kisima yana chumvi, birika langu limeota ukoko mweupe ndani. Lori linaposhusha maji linafunga barabara nusu saa, hilo nakubali ni kero.

#18 Soroveya Mstaafu
Sehemu kubwa ya maji ya mji inatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a. Visima navyo vinanyonya hodhi moja la chini ya ardhi, kila jengo jipya linachimba ndani kuliko la jana. Kibali cha ghorofa hakiongezi maji Ndakaini hata ndoo moja.

#19 Deno wa South B
Turudi kwenye magari. Kuna jambo hamjalisema. Jengo la jirani yangu lina maegesho ya kutosha, nimeingia nikaona. Chini kuna nafasi tupu kama thelathini. Kwa nini magari yako barabarani? Kwa sababu nafasi inauzwa mbali na nyumba. Mtu akishalipa mkopo wa nyumba hana pesa nyingine ya kununua mahali pa gari. Analaza nje bure, anampa soja mia mbili kwa wiki amwangalizie.

#20 Nyumba ya Nne
Kwetu ni kinyume. Nafasi moja iliuzwa kwa watu wawili. Mimi ni mmoja wao. Kwenye mkataba wangu imeandikwa namba 17, kwenye wa yule bwana wa ghorofa ya tisa imeandikwa namba 17. Muuzaji hapokei simu. Tumekubaliana kwa heshima: yeye ana gari Jumatatu hadi Alhamisi, mimi Ijumaa hadi Jumapili. Gari langu siku nyingine linalala kwa kanisa, padri ameniruhusu.

#21 Wakili wa Mtaa
#20, angalia mpango wa vitengo, yaani ramani inayoonyesha kila nyumba na mipaka yake, uliosajiliwa chini ya sheria ya 2020 ya nyumba za vitengo. Kama nafasi ya gari imeonyeshwa kuwa sehemu ya kitengo chako, una msingi wa kudai. Kama imeandikwa ni mali ya pamoja, shirika la wenye nyumba ndilo linaloamua, na hakuna aliyekuwa na haki ya kukuuzia. Wengi hununua bila kuuona ule mpango.

#22 Baba Tasha
Niliteleza kwa NEMA, nirekebisheni na hili: nafikiri shida kubwa ni nyumba za Airbnb. Jengo letu lilipangwa kwa familia. Sasa theluthi moja ni wageni wa siku mbili. Ijumaa usiku wanaingia na magari manne kwa nyumba moja ya chumba kimoja, muziki hadi alfajiri. Hesabu yoyote ya maegesho iliyofanywa kwa familia hapo imekufa.

#23 Otis wa Umoja
Na mbona hakuna aliyetaja kwamba wengi wa watu wa mji huu hawana gari hata moja? Tunatembea. Njia ya miguu ndiyo inaegeshewa gari, sisi tunashuka barabarani na matatu inatupigia honi. Mkipata hayo maegesho 42 mnayodai, tafadhali yasitoke kwenye njia yangu.

#24 Jirani wa Ukuta
#23, nimesoma mara mbili. Ni kweli, hata mimi huwa natembea na wajukuu katikati ya barabara. Nitaiandika kwenye barua.

#25 Hesabu za Babu
Pesa za maegesho wanajua kuzikusanya. Mjini ilipanda kutoka 200 hadi 300 wakati wa gavana Kidero. Umeona jengo hata moja la maegesho lililojengwa kwa pesa hizo?

#26 Ramani Mkononi
Wakati wa Kidero ilitoka 140 hadi 300, mzee. Zaidi ya mara mbili. Lakini swali lako linabaki.

#27 Bi Mwanaisha
Salaam aleikum jamaa zangu. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeolewa Pangani, nimewasikiliza kimya. Ninyi Kileleshwa mstawishaji ni mtu binafsi. Huku kwetu nyumba za zamani za kaunti zilikuwa 48, zikaondolewa, na mradi mpya ukapangiwa nyumba 1,562. Kulikuwa na mikutano, hilo siwezi kukana, viti vya plastiki na soda. Ila mkutano unapoitwa wakati picha ya jengo ishachapishwa na kubandikwa ukutani, hapo mtu anaulizwa nini? Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Huku mwenyeji aliambiwa apishe kwanza.

Simaanishi nyumba mpya ni mbaya. Binamu ya mume wangu anataka kupata moja, na namwombea aipate.

#28 Mama Njeri
Waaleikum salaam dada. Umesema kweli. Katiba yetu inataja ushirikishwaji wa wananchi kifungu cha 10. Na mimi nikaalikwa kwenye ushirikishwaji Jumanne saa nne asubuhi, tangazo limetumwa Jumatatu jioni. Niliomba ruhusa kazini, nikafika, tulikuwa kumi na mmoja. Tukasaini karatasi ya mahudhurio. Baadaye nikaiona karatasi ile ile kwenye faili, imebandikwa kichwa kinachosema wakazi wameukubali mradi.

#29 Fundi wa Zege
Hilo la karatasi nimelisikia kwa wengi. Si vizuri. Kazi yangu naipenda lakini si kwa saini ya kuibwa.

#30 Deno wa South B
Fundi, leo umehamia upande wetu! Tukuandalie chai.

#31 Fundi wa Zege
Sijahama, niko juu ya ukuta na mama wa ndoo. Chai naja.

#32 Hesabu za Babu
Kaunti hiyo hiyo ndiyo imepitisha haya yote tangu 2013, basi kaunti ijibu yote.

#33 Soroveya Mstaafu
Yote, hapana. Februari 2020 gavana Sonko alitia saini kukabidhi mipango miji na kazi nyingine tatu kwa serikali kuu, na NMS, idara ya huduma za jiji chini ya Jenerali Badi, ikashika hadi Septemba 2022. Majengo mengi mnayoyaona yakimalizika leo faili zake zilipita wakati ule. Ndiyo sababu ukienda kuuliza, huyu anasema faili liko kule, na kule wanasema walisharudisha. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, nikimtafutia shemeji faili. Tulipewa jalada. Ndani mlikuwa na risiti na kibanio.

#34 Ramani Mkononi
Hata vibali vyenyewe havimlindi anayevishika. Agosti 2018 serikali ilibomoa Ukay Centre pale Westlands na South End Mall kule Lang'ata kwa kuwa kwenye ukingo wa mto. Wenyewe walisema wana karatasi. Mafuriko ya 2024 yalipokuja, waliobomolewa safari hiyo walikuwa maskini wa Mathare na Mukuru. Nikilinganisha hayo mawili usingizi hunipaa.

#35 Otis wa Umoja
Hapo umenena. Shangazi yangu alikuwa Mathare. Mabati yake aliyapata, mlango hakuupata.

#36 Mama Njeri
Pole Otis. Pole sana kwa shangazi.

Kwa wanaosema haiwezekani kuzuia: mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokuwa lijengwe Uhuru Park. Wabunge walimdhihaki bungeni. Mahakama ilimfukuza, ikasema hana haki ya kushtaki. Alibaki na barua zake tu, akiziandika kila mahali, mpaka wenye pesa wakajitoa. Leo mimi hupeleka watoto pale.

#37 Wakili wa Mtaa
Na jibu la kesi ile liko ndani ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuhusu haki ya mazingira safi, bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Mlango aliofungiwa Wangari, sisi tumefunguliwa. Shida ni nauli ya kufika mlangoni: wakili, wataalamu, miaka. Watu wa Rhapta Road wamepigana na ghorofa mahakamani, na ni chama chenye wanachama wanaochanga. Mtu mmoja na ndoo yake atachoka.

#38 Mpangaji 14C
Nikubaliane na hilo. Sipingi chama. Ila mkiunda chama, tuingizeni na sisi wa ghorofani. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu niliambiwa ni la wenye hatimiliki pekee. Chemba ikifurika, harufu haiulizi hatimiliki.

#39 Nyumba ya Nne
Karibu letu, 14C. Sisi tunaingiza hata soja.

#40 Mwenye Ploti Moja
Swali gumu kidogo, na naliuliza kwa heshima kwa aliyeanzisha uzi. Aliyemuuzia mstawishaji ile ploti ni nani? Si alikuwa jirani yenu wa miaka yote?

#41 Jirani wa Ukuta
Ndiye. Tuliishi naye vizuri. Watoto wake wako Canada, yeye miguu ilimsumbua, nyumba ilikuwa inavuja. Alikuja kutuaga na mche wa mparachichi kwenye mkebe, umetoka kwenye mti ule ule. Sikumlaumu wala simlaumu. Na niseme kila kitu: shemeji zangu wawili wanataka na yetu iuzwe. Bei waliyotajiwa sikuwahi kuiota. Mume wangu anasema tukikataa tutabaki shimoni, ghorofa kila upande, jua tutaliona saa sita tu. Kwa hiyo napigania barabara ambayo pengine miaka mitatu ijayo sitakuwa nikiishi. Bado naipigania.

#42 Bi Mwanaisha
Mungu akutie nguvu, mama. Mche umeupanda?

#43 Jirani wa Ukuta
Karibu na tangi. Umefika magotini.

#44 Deno wa South B
Mambo ya miti, mnakumbuka ule mugumo wa Waiyaki Way? Barabara ya juu ilikuwa inaupitia, watu wakapiga kelele, Novemba 2020 rais akatoa amri ubaki. Uko pale hadi leo. Huwa nikipita nautazama.

#45 Hesabu za Babu
Mti ulipata amri ya rais. Mzee wa ambulensi alipata kiti cha plastiki.

#46 Jirani wa Ukuta
Habari ya leo. Barua imepokelewa siku ya kumi na tatu, nakala yangu ina muhuri. Tumetia saini watu 31. Wawili walikataa, mmoja anauza, mwingine anasema anaogopa. Yule mzee aliyebebwa kwa kiti alitia saini yake kwa mkono unaotetemeka, ikachukua mstari wa mtu wa pili pia, tukauacha hivyo.

Wa 14C alikuja, ndiye alinisaidia kuchapisha. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri yeye, Deno na kijana wangu walihesabu magari yaliyolala nje kuanzia kona hadi mwisho: 63. Kwenye njia ya miguu peke yake, 38. Walipima pia upana wa nafasi inayobaki katikati kwa futi ya fundi. Mahali pembamba zaidi, mita mbili na sentimita thelathini.

#47 Fundi wa Zege
Ambulensi yenye vioo haipiti hapo bila mtu wa kuiongoza mbele na nyuma. Zimamoto isahau.

#48 Baba Tasha
Wamejibu nini?

#49 Jirani wa Ukuta
Bado hawajajibu. Ila asubuhi hii nimeona ubao umegeuzwa. Sasa umetazama barabara, umefungwa kwenye mabati, unasomeka vizuri hata ukiwa ndani ya gari. Tarehe ni ile ile.

#50 Wakili wa Mtaa
Piga picha sasa hivi kabla ya mvua. Ubao, mabati, na ule waya kwa karibu kabisa.